Aliyekusaliti ni Mtu Wako: Kusamehe Kuna Maana Gani?

Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi asiyejulikana akivunja ghala na kubeba magunia mawili ya mahindi, tunaumia, lakini msimu mwingine ukifika tunaanza kusahau. Aliyeyabeba akiwa ni ndugu wa tumbo moja, au rafiki tuliyesali naye, jambo hilo linaweza kukaa moyoni miaka ishirini. Kinachouma hapo ni zaidi ya mahindi. Ni yule mtu.

Tuchukue mfano. Kina mama ishirini na watano wa kijiji kimoja wana kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinatunzwa na watu watatu, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Siku ya mgao wa mwisho wa mwaka sanduku linafunguliwa, na fedha zilizoandikwa kwenye daftari hazimo. Mweka hazina alikuwa amewadanganya wenzake wawili wakamwachia funguo zao. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, na ndiye aliyewahamasisha wengi wao kujiunga.

Jumapili inayofuata mahubiri yanahusu msamaha. Kati ya waliokaa kwenye benchi kuna mama aliyekuwa akiutegemea mgao ule kununua sare za watoto na mbolea ya kupandia. Anasikiliza huku akijiuliza: Nikisamehe, ina maana nisidai fedha yangu? Nimkabidhi tena ufunguo? Na kama kila nikimwona moyo unanichemka, je, sijasamehe?

Maswali haya ni ya haki, na mara nyingi hujibiwa haraka mno. Mtu anaambiwa, yaliyopita si ndwele, kisha anaachwa peke yake na maumivu yake. Katika makala hii tutayatazama polepole, tukiifuata Biblia yenyewe. Kama unayo karibu, tutakutajia sura na mistari ili usome mwenyewe.

Yesu hakusema deni ni dogo

Tuanze na Mathayo 18, mstari wa 21 hadi 35. Petro anamwuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye anadhani mara saba zinatosha. Yesu anamjibu kwa hesabu inayozidi sana hiyo, kisha anasimulia mfano wa mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Mfalme alimfutia deni lote. Mtumwa yule alipotoka nje alikutana na mwenzake aliyemdai dinari mia moja, akamkaba koo na kumtia gerezani.

Wengi wetu husikia mfano huu kana kwamba dinari mia zilikuwa senti tu. Hazikuwa senti. Mathayo 20:2 inatuonyesha kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Kwa hiyo dinari mia ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Fikiria kulima mashamba ya watu kuanzia mwanzo wa mvua hadi mavuno, kisha mwenzako aondoke na malipo yako yote. Hilo ni jambo zito, na Yesu alichagua kiasi kizito kwa kukusudia.

Lile deni jingine ndilo lisilo na kipimo. Talanta moja ilikuwa karibu dinari 6,000. Talanta elfu kumi ni ujira wa siku milioni sitini. Mtu akifanya kazi siku 300 kila mwaka, angehitaji miaka laki mbili kulimaliza. Hakuna awezaye.

Basi Yesu hamwambii yule mama kwamba fedha yake ni kitu kidogo, au kwamba analia bure. Anakubali kwamba ameumizwa kweli. Kisha anamwomba akumbuke deni lake mwenyewe mbele za Mungu, ambalo lilifutwa bila yeye kulipa chochote. Mkristo hasamehi kwa sababu kosa ni dogo. Anasamehe kwa sababu naye anaishi kwa msamaha.

Neno lenyewe linatusaidia pia. Katika Kiswahili tunasema kumsamehe mtu kosa, na tunasema pia kumsamehe mtu deni. Na neno la Kigiriki linalotumika katika mfano huo lina maana ya kuachilia, kama unavyoachilia kitu ulichokuwa umekishika kwa nguvu. Kusamehe ni kuachilia kisasi: kuamua kwamba sitamlipa ubaya kwa ubaya, sitamwombea mabaya, wala sitafurahi akianguka.

Yusufu: miaka 22, na mingine 17

Katika Agano la Kale hakuna habari ya usaliti wa ndugu iliyoelezwa kwa urefu kama ya Yusufu. Inaanzia Mwanzo 37. Alikuwa kijana wa miaka 17 ndugu zake walipomvua kanzu, wakamtupa shimoni, kisha wakamwuza kwa wafanyabiashara kwa vipande ishirini vya fedha. Aliyetoa wazo la kumwuza alikuwa Yuda, kaka yake.

Yusufu alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Ikapita miaka saba ya mavuno mengi, na miwili ya njaa, kabla ya kujitambulisha kwa ndugu zake. Ukijumlisha, ni kama miaka 22 tangu siku ya shimo.

Katika miaka hiyo alimpata mtoto wake wa kwanza, akamwita Manase, jina lenye maana ya kwamba Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Hata hivyo, ndugu zake walipokuja kununua nafaka na kuanza kuzungumza wao kwa wao juu ya kosa lao la zamani, Yusufu aligeuka pembeni akalia. Alilia tena baadaye, mara kadhaa. Alikuwa waziri mkubwa wa Misri, alikuwa ameshaendelea na maisha, na bado kidonda kilipoguswa kilitoa machozi.

Hapa tunapata jibu la swali la tatu la yule mama. Machozi hayathibitishi kwamba hujasamehe. Kumbukumbu hazifutiki kwa sababu umeomba mara moja. Kila zinaporudi, unaachilia tena, na huenda hiyo ni njia mojawapo ya kuielewa ile hesabu kubwa ambayo Yesu alimpa Petro. Pengine kosa ni moja tu, lakini linakurudia mara mia nne kichwani.

Kuna jambo jingine ambalo huwa tunalipita haraka. Baada ya Yusufu kuwasamehe, baba yao Yakobo aliishi Misri miaka 17, kisha akafa. Mwanzo 50 inaeleza kwamba mara baada ya maziko ndugu wale walishikwa na hofu. Walidhani Yusufu alikuwa akimngoja mzee afe ndipo alipe kisasi. Yaani kwa miaka 17 walikula chakula chake na kuishi katika nchi aliyowapa, na bado hawakuamini kwamba wamesamehewa. Yusufu aliposikia alilia tena. Aliwaambia waziwazi kwamba walikusudia mabaya, lakini kwamba yeye hayuko mahali pa Mungu, kisha akaahidi kuwalisha wao na watoto wao.

Kwa hiyo usishangae ukimsamehe mtu na yeye akaendelea kukukwepa njiani. Aibu ya aliyesaliti nayo huchukua muda kupona.

Kusamehe ni jambo moja, kumwamini tena ni jingine

Turudi sasa kwenye ufunguo wa sanduku. Je, mweka hazina akabidhiwe tena?

Soma Mwanzo 42 hadi 44 uone Yusufu alivyofanya. Hakujitambulisha siku ya kwanza. Aliwaweka kifungoni siku tatu. Akamshika Simeoni, akawataka wamlete Benyamini, mdogo wao. Mwishowe akaagiza kikombe chake kifichwe katika gunia la Benyamini. Wengine huona haya yote kama kisasi. Lakini angalia wakati huohuo alikuwa akiwajazia magunia yao nafaka na kuwarudishia fedha zao kwa siri. Hakuwa akiwalipa ubaya. Alikuwa akitazama kama wamebadilika.

Jibu alilipata. Benyamini alipoonekana kuwa atabaki Misri kama mtumwa, ni Yuda aliyesimama, yuleyule aliyetoa wazo la kumwuza Yusufu, akaomba abaki yeye badala ya mdogo wake. Hapo Yusufu hakuweza kujizuia tena. Aliwatoa watu wote chumbani, akalia kwa sauti, akajitambulisha.

Msamaha unaweza kuutoa leo, peke yako, chumbani mwako, hata kama aliyekukosea hajaomba radhi, hata kama amekwisha kufa. Kumwamini mtu tena kunahitaji wawili, muda na matendo. Ukichanganya mambo haya mawili, utapata moja kati ya hasara mbili: ama utakataa kusamehe kwa kuogopa kuumizwa tena, ama utamrudishia ufunguo mtu ambaye bado hajatubu, na kumtia majaribuni mara ya pili.

Mtume Paulo naye aliyatenganisha. Kijana Yohana Marko alimwacha safarini (Matendo 13:13), na baadaye Paulo akakataa kwenda naye tena, hata akagombana na Barnaba kwa ajili yake. Miaka ikapita. Katika 2 Timotheo 4:11 Paulo anaomba Marko aletwe, kwa sababu anamfaa katika kazi. Marko alikuwa amethibitika. Lakini mistari mitatu tu mbele, Paulo anamwonya Timotheo ajihadhari na Iskanda mfua shaba, aliyemtenda mabaya mengi. Na katika mstari wa 16 anaomba kwamba wale waliomkimbia alipokuwa mahakamani wasihesabiwe kosa hilo. Msamaha, tahadhari na kupokelewa upya vyote vimo katika sura moja, kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kikundi kinaweza kumsamehe mweka hazina kwa moyo wote, na bado kikachagua mwingine wa kushika ufunguo. Zile kufuli tatu hazikuwekwa kwa chuki tangu mwanzo. Ziliwekwa ili kila mtu alindwe, pamoja na anayeshika ufunguo.

Yuda na Petro

Usiku ule wa mwisho Yesu alisalitiwa na wawili. Yuda Iskariote alimwuza kwa vipande thelathini vya fedha. Petro alimkana mara tatu.

Yohana 13 inaeleza kwamba Yesu alijua mapema yatakayotokea. Hata hivyo alijifunga kitambaa, akachukua maji, akawaosha wanafunzi miguu. Yuda hakuwa ameondoka bado. Miguu iliyokwenda kumwuza Yesu usiku ule ilikuwa imetoka kuoshwa naye. Na bustanini, Yuda alipokuja na watu wenye mapanga na marungu, Mathayo 26:50 inasema Yesu alimwita rafiki.

Petro alimkana Bwana wake akiwa anaota moto wa makaa (Yohana 18:18). Baada ya kufufuka, Yesu aliwasha moto wa makaa kando ya ziwa na kuandaa samaki na mkate (Yohana 21:9). Petro aliyekana mara tatu kando ya moto aliulizwa mara tatu, kando ya moto, kama anampenda Yesu. Lilimhuzunisha, lakini kila alipojibu alipewa kazi ya kuwalisha kondoo. Yesu hakujifanya kwamba hakuna lililotokea. Alimrudisha palepale alipoangukia, kwa upole, baada ya kumpa kifungua kinywa.

Huenda wewe unayesoma si uliyesalitiwa. Huenda ndiwe uliyefungua sanduku, au uliyeuza shamba la familia kwa siri, au uliyevunja ndoa yako. Yuda naye alijuta, akazirudisha zile fedha kwa makuhani, lakini akaishia katika kukata tamaa, akajiua. Petro alilia sana, lakini alipomwona Yesu ufukweni alijitupa majini kumfuata. Tofauti yao haikuwa ukubwa wa kosa. Petro alirudi kwa yule aliyemkosea. Usikae peke yako na aibu. Ikiwa unawaza kujidhuru, mweleze leo mtu unayemwamini.

Na kurudi kuna sehemu ya mikono pia. Zakayo alipotubu aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne (Luka 19:8). Wakristo wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walijulikana kwa jambo hilohilo: waliungama mbele ya wenzao, wakarudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Radhi isiyo na mpango wa kulipa haimsaidii sana mama asiye na sare za watoto.

Kupenda si kunyamaza

Mmoja wa watu waliolelewa kiroho katika uamsho ule alikuwa Festo Kivengere wa Uganda, ambaye aliwahi kufundisha shule Dodoma, na baadaye akawa askofu wa Kigezi. Mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake waliandika barua ya kulalamikia mauaji na uonevu chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye, tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kivengere na mke wake Mera walikimbia kwa miguu, wakavuka milima hadi Rwanda.

Akiwa uhamishoni aligundua kwamba uchungu ulikuwa unamla. Siku ya Ijumaa Kuu, katika kanisa moja jijini London, akitafakari jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha, aliona kwamba hata Amin hakuwa nje ya maombi yale, naye akaanza kumwombea. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Wengi walishangaa. Lakini Kivengere hakuacha kuyaita mauaji kuwa ni mauaji, na barua ile hakuifuta. Alimpenda mtu, akayakataa matendo.

Yesu alifanya vivyo hivyo. Alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza. Alimwuliza aliyempiga sababu ya kumpiga (Yohana 18:22-23).

Kwa hiyo kudai haki si kinyume cha msamaha. Kama shamba limeuzwa kwa hila, unaweza kumsamehe ndugu yako na bado ukaenda kwenye baraza la ardhi la kijiji. Ukiwa mke unayepigwa, msamaha haukulazimishi kubaki mahali ambapo uhai wako uko hatarini. Nchini Tanzania, vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Na mtoto akidhulumiwa na mtu wa nyumbani, asiambiwe asamehe ili familia isiaibike. Atolewe hatarini kwanza. Tanzania na Kenya zina namba ya simu ya bure ya kumsaidia mtoto, 116.

Tuanzie wapi?

Kwanza, taja kosa kwa jina lake mbele za Mungu. Usiseme tu kwamba umeumizwa. Sema: fulani alichukua fedha yangu ya mbolea, na alinidanganya. Huwezi kuachilia deni ambalo hujalitaja.

Pili, sema kwa kinywa chako kwamba unaachilia kisasi. Hisia zinaweza kuchelewa. Usizingoje.

Tatu, mwombee kwa jina, hata sentensi moja kwa siku. Mwanzoni maneno yatakuwa magumu kutoka, na hilo ni la kawaida.

Nne, ikiwa ni salama kufanya hivyo, fuata hatua za Mathayo 18:15-17. Mwendee mwenyewe, faraghani, kabla habari haijafika kisimani na sokoni. Asiposikia, nenda na mmoja au wawili. Asiposikia tena, ndipo lifike kanisani.

Tano, kubalianeni jambo linaloonekana: kiasi gani kitarudishwa, lini, na nani atashuhudia. Liandikeni.

Tukimrudia yule mama kwenye benchi, huenda Jumapili ile hataweza kufanya zaidi ya hatua ya kwanza. Si kitu. Yusufu alihitaji miaka mingi. Wiki ijayo mweka hazina akija na sehemu ya fedha kwenye kitambaa, akishindwa kumwangalia machoni, mama anaweza kuipokea, kuihesabu mbele ya mashahidi, kuiandika kwenye daftari, kisha kumvutia kigoda akae wanywe chai. Ufunguo utabaki kwa mwingine. Chai ni ya leo.